Keria: kwa baiskeli kutoka Kariakoo hadi Matombo

Babu yangu alikuwa fundi baiskeli Kariakoo. Kijiwe chake kilikuwa upande wa Gerezani, chini ya mkungu, na vifaa vyake vyote vilienea ndani ya boksi moja la mbao: spana, pampu, chupa ya solusheni, vipande vya tyubu kuukuu vya kutengenezea viraka. Lakini pancha hazikuwa ndizo zilizompa jina. Jina alilipata kwa keria. Mtu akinunua baiskeli mpya, iwe Raleigh ya Mwingereza, Phoenix ya Mchina au, miaka ya baadaye, Swala yetu wenyewe, alikuwa anakuja kwa babu kung'olewa keria ya dukani na kufungiwa ya nondo. "Hii ya dukani ni ya kubebea daftari," babu alikuwa akisema. "Wewe unataka kubeba daftari?"

Wateja wake walikuwa wabeba mkaa kutoka Pugu na Kisarawe, wauza samaki, wauza nazi, na wale wa mikate wenye makabati ya bati. Kwa watu hao keria ndiyo ilikuwa baiskeli yenyewe. Magurudumu, usukani na cheni vilikuwepo ili kuisogeza keria tu.

Mwaka 1988 nilikuwa sekondari. Siku moja mwalimu wa historia akatuambia kwamba jina Kariakoo limetokana na maneno ya Kiingereza, Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani walikuwa wamejenga banda kubwa la soko hapo kabla ya vita. Waingereza walipouteka mji mwanzoni mwa Septemba 1916, eneo hilo wakaligeuza kambi ya wapagazi. Wenyeji wakalitamka jina kwa ndimi zao, likawa letu. Hata Nairobi wana Kariokor yao, asili yake ni hiyo hiyo.

Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa kwa elimu. Nikapitia kijiweni, nikaamkia shikamoo, nikaimwaga habari yote. Babu alikuwa ameinama anakaza spoku. Hakuinua uso. Aliniuliza swali moja tu: "Na hao waliobeba, majina yao yaliandikwa?"

Nikasema sijui. Akaendelea kukaza spoku.

Ni baadaye sana, babu akiwa ameshafariki, ndipo baba aliponieleza kwa nini swali lilikuwa hilo. Babu alizaliwa Matombo, kwenye milima ya Uluguru, na alikuwa bado anabebwa mgongoni wakati baba yake alipokamatwa kwenda kubeba mizigo ya vita. Hakurudi. Hakuna aliyeleta habari, wala nguo, wala senti. Babu alipofika Dar es Salaam miaka ya thelathini akaenda moja kwa moja Kariakoo, kwa sababu ndiko walikokwenda vijana wote wa bara, akaishi na kufanya kazi hapo zaidi ya miaka hamsini. Alifunga keria nusu karne katika mtaa uliobeba jina la kitu kilichommeza baba yake, na aliyekuja kumwambia ni mimi, mtoto wa kidato cha pili, tena kwa kujidai.

Na keria yenyewe je? Nayo ni neno lile lile. Kiingereza kimetuletea "carrier" mara mbili. Mara ya kwanza lilikuwa ni mtu, tukalifanya jina la mtaa. Mara ya pili lilikuwa ni chuma cha nyuma ya baiskeli, tukakiita keria. Katikati ya maneno hayo mawili kuna mzigo uliohama kutoka kichwani kwenda kwenye chuma.

Agosti 2024 niliamua kwenda Matombo kwa baiskeli. Nina baiskeli ya mtumba yenye gia, ya kijana, na mimi si kijana. Nikaitoa stoo keria ya nondo aliyoiacha babu, nikaipeleka kwa fundi mmoja Kariakoo aifunge. Akaipima kwa mkono, akacheka. "Mzee, hii ni ya mkaa. Unaenda mlimani na chuma hiki? Kitakuua." Nikamwambia funga tu. Juu yake nikaweka maji, tyubu mbili, nguo, kilo tano za sukari na doti ya kanga kwa ajili ya bibi, mdogo wake babu kwa mama, anayekaribia miaka tisini na bado anaishi kule.

Nilitoka saa kumi na moja alfajiri. Kariakoo saa hiyo haijalala wala haijaamka. Maguta na mikokoteni yameshaanza, wachukuzi wanapita na marobota kichwani wakipiga kelele, "Mzigo! Pisha mzigo!" Nikapisha. Nikashika Barabara ya Morogoro, na kabla ya Kibaha nikaanza kukutana na wabeba mkaa wakiingia mjini, gunia mbili wengine tatu, mwili wote umelala mbele kama wanasukuma ukuta. Si wengi kama zamani, bodaboda zimechukua kazi yao. Lakini wapo. Tulisalimiana kwa kengele.

Huko njiani mtu ana muda wa kupiga hesabu, na mimi nilikuwa nikiipiga hesabu ya mpagazi. Kwa nini jeshi la dola kubwa, lenye malori na reli, libebewe mizigo na vichwa vya watu? Sababu ya kwanza ni mbung'o. Farasi, nyumbu na maksai walikufa kwa maelfu. Sababu ya pili ni mvua na matope yaliyomeza malori. Sababu ya tatu ni kwamba Wajerumani, wakirudi nyuma, walivunja madaraja ya Reli ya Kati. Akabaki mtu. Mtu mmoja alipewa mzigo wa kilo 25 hivi. Lakini mtu anakula. Ukimpa kilo moja ya chakula kwa siku, safari ya siku kumi kwenda na kumi kurudi inamaliza kilo ishirini, na zinazofika kwa askari ni tano. Kwa hiyo kila jeshi lilipozidi kwenda mbele, wapagazi walihitajika zaidi ili kuwalisha wapagazi wenzao. Na njia rahisi ya kuifanya hesabu hiyo ikae sawa ni kumpunguzia mpagazi chakula. Ndivyo ilivyokuwa. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria, na unga usiosagwa vizuri.

Hesabu za Waingereza wenyewe zinazungumzia watu wapatao milioni moja waliotumika kubeba katika vita hivyo vya Afrika Mashariki, na waliokufa wakikaribia laki moja. Hao ni wa upande mmoja. Wajerumani nao walikamata wapagazi kijiji kwa kijiji, na wengi wao hawakuandikwa popote.

Na baiskeli je, haikuwepo? Ilikuwepo. Usiku wa kabla ya mapambano makubwa ya Tanga, Novemba 1914, kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliingia mjini kwa baiskeli pamoja na wenzake wawili kuchungulia Waingereza wako wapi. Mji ulikuwa kimya, akazunguka mitaani akaona alichotaka kuona. Wanahistoria wa vita wanapenda sana kisa hicho, na kweli ni kisa kizuri. Mimi kinanikera kidogo. Kinaonyesha nani alikuwa na baiskeli mwaka 1914. Wakati huo baiskeli ilikuwa ya kumbebea bwana mwili wake. Mizigo yake ilikuwa inakuja nyuma, kwa miguu.

Usiku wa kwanza nililala Chalinze, baada ya zaidi ya kilomita mia moja, miguu ikitetemeka kama ya mwanambuzi. Njiani nilikuwa nimevuka daraja la Ruvu. Watu wa Dar tunalipita tukiwa tumelala kwenye basi. Kwa baiskeli unasimama. Maji yale yanatoka Uluguru, na ndiyo yanayovutwa Ruvu Juu na Ruvu Chini kuja kwenye mabomba yetu. Mtu wa Kariakoo akifungua bomba, mara nyingi anafungua mlima.

Siku ya pili jua lilikuwa kali, na treni ya umeme ikanipita bila hata kunitazama. Mchana nikafika Mikese. Ukiiona leo ni stesheni ndogo tu njiani. Lakini mwishoni mwa 1916 na mwanzoni mwa 1917 hapa ndipo mizigo ya Waingereza iliposhushwa kutoka kwenye treni, ikapandishwa vichwani na kupelekwa kusini kuelekea Kisaki na Rufiji. Nilikunywa soda chini ya mti, nikamwuliza mama muuzaji kama amewahi kusikia habari za wapagazi. "Wapagazi wa nani?" akaniuliza. Nikamlipa, nikaondoka.

Morogoro ilikuwa imeangukia mikononi mwa Waingereza tarehe 26 Agosti 1916. Wajerumani walikuwa wameshaondoka. Walizunguka milima pande zote mbili wakakutana Kisaki, kule nyuma. Jenerali Smuts alidhani atawabana ukutani, kumbe ukuta ulikuwa na njia. Jeshi lake likawafuata, wengine upande wa magharibi, wengine upande wa mashariki kupitia Matombo, wakichonga barabara kwenye miamba ili malori yapite. Hiyo barabara ya mashariki ndiyo niliyokuwa naiendea.

Kabla ya kupanda nilipita kwenye makaburi ya vita pale Morogoro. Majani yamefyekwa, mawe yamepangwa mistari, majina yanasomeka. Vijana wa miaka ishirini na kitu waliotoka mbali sana kuja kufia hapa. Sina ugomvi nao. Nilisoma jiwe moja baada ya jingine, ingawa nilijua kwamba jina nililokuwa nalitafuta silijui hata lenyewe.

Mwaka 2021, mwezi Aprili, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri jambo ambalo babu aliliuliza mwaka 1988. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000 waliolitumikia jeshi la Uingereza katika vita vile, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Mjini Dar tuna sanamu ya Askari tangu 1927, na maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Ni maneno mazuri. Lakini anayesimama pale juu na bunduki ni askari, na miguu na mikono haina jina. Kwa hiyo jibu la swali la babu ni hapana. Limenichukua miaka thelathini na zaidi kulipata, na aliyeuliza hayupo.

Siku ya tatu nikapanda. Kutoka Bigwa barabara inainuka kwenda Kiroka, na hapo nilimkumbuka fundi wangu wa Kariakoo. Keria ya nondo ilikuwa inanivuta kisogoni kama mtu anayekataa kuondoka. Nilishuka, nikasukuma. Watoto wakanisukumia kipande, wakidai pipi. Kwa mbele vijana walikuwa wanateremka na ndizi, mikungu minne mitano kwa baiskeli moja, breki hazitoshi, wanakanyaga tairi kwa kandambili mpaka moshi unatoka. "Mzee, pole!" walinipigia kelele, wakapotea kwenye kona.

Ukishaipita Kiroka hewa inabadilika. Mkuyuni ni migomba, minazi, mananasi, michungwa, na harufu ya karafuu iliyoanikwa kwenye mikeka kando ya barabara. Juu kabisa, mkono wa kulia, ndio msitu wenyewe, Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, umevaa ukungu tangu asubuhi. Vilele vyake vinapita mita 2,600. Ukungu ule ndio mvua, mvua ndiyo Ruvu. Chini yake mashamba yamepanda mpaka inapoanzia mipaka ya hifadhi, na hapo mpaka unauona kwa macho, kama mtu aliyenyolewa kichwa nusu. Mbele ya Matombo kuna kipande kingine cha msitu, Kimboza, juu ya mawe ya chokaa, chenye mjusi mdogo wa buluu. Wageni walimsafirisha kwa magendo kwenda kumfuga kwenye vioo huko Ulaya mpaka biashara yake ikapigwa marufuku duniani. Mlima huu umezoea watu wanaokuja kuchukua.

Nilifika kwa bibi jua likizama. Nikaamkia, akaitikia marahaba, kisha akaitazama baiskeli kabla ya kunitazama mimi. "Hiyo keria ni ya kaka," akasema. Sikuwa nimemwambia.

Tulikaa nje. Nilianza kwa kuogopa, nikamwuliza habari za 1955, ambazo alizishuhudia mwenyewe. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wachimbe matuta ya ngazi milimani kuzuia mmomonyoko, siku kadhaa kila wiki, bila malipo. Matuta mengine yalifukua udongo mbaya na mazao yakakataa. Julai ile watu wa Matombo wakachoka. Kukawa na ghasia, polisi wakaja, damu ikamwagika, na mpango ule ukafa. TANU ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ianzishwe Dar es Salaam, hapo hapo Kariakoo, na baada ya ghasia hizo haikuhitaji kuwashawishi sana watu wa milimani. Bibi aliyasimulia hayo akicheka, anapiga magoti yake kwa viganja. "Tulikataa," akasema. "Wazee wetu walibebeshwa, sisi tulikataa."

Hapo nikapata njia. Nikamwuliza huyo mzee aliyebebeshwa, baba yake babu, alichukuliwa na nani? Mjerumani au Mwingereza?

"Kaka alikuja akatuambia," bibi akasema. "Mwaka ule wa njaa ndogo, watoto wako walikuwa hawajazaliwa. Alipanda basi mpaka Morogoro, akaja na unga na kitambaa cheupe. Akasema mjukuu wangu amesoma, amenipatia habari za baba. Alikuwa Kariakoo."

Nilinyamaza. Mjukuu aliyesoma ni mimi.

"Tukafanya tambiko," akaendelea. "Miaka yote hiyo hatukuwa na pa kuelekea. Mtu kafia wapi, unamwaga unga ukielekea wapi? Kaka akasema tuelekee Dar es Salaam. Tukaelekea kule." Akanyoosha mkono mashariki, juu ya migomba.

Sasa hapa, msomaji wangu, mimi ni mtu ninayependa historia, na historia ilinibana. Watu wa upande huu walikamatwa kabla na baada ya Septemba 1916. Waliokamatwa kabla walikamatwa na Wajerumani, na hao hawakukanyaga kambi ya Kariakoo, walikwenda kusini na kufia Rufiji au mbele zaidi. Waliokamatwa baadaye na Waingereza wangeweza kupakiwa mizigo Mikese bila kuuona mji wa Dar es Salaam hata siku moja. Mimi sikumwambia babu kwamba baba yake alikuwa Kariakoo. Nilimwambia jina la mtaa lilikotoka. Mengine aliyaunga mwenyewe, na kwa habari ya mtoto wa kidato cha pili ukoo mzima uliamua ugeukie wapi.

Nikaona kunyamaza itakuwa ni wizi. Nikamwambia, "Bibi, sina uhakika. Labda hakuwahi kufika Kariakoo. Labda alifia huko Kisaki, karibu tu."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kisaki tulielekea zamani, na Mikese tulielekea. Mama yetu alimwaga unga kila upande, kama anayelisha kuku. Kaka yangu alikaa mahali pamoja miaka hamsini akafunga keria. Kama baba yake hakuwepo pale, basi yeye alimwekea nafasi."

Nikamwuliza jina la mzee. Akanitajia, polepole, la kwake na la ukoo wa mama yake, kwa sababu kwa Waluguru mtu ni wa kwa mama. Nililiandika kwenye daftari langu kwa tarehe. Hapa siliweki. Lakini limeandikwa.

Asubuhi nikafungasha. Nilikuwa nimepanga kurudi mwepesi, sukari na kanga zimeshashuka. Bibi akaniletea mkungu wa ndizi, mananasi matatu na mfuko wa karafuu. Nikasema bibi, njia ni ndefu, nitapakia basi Morogoro, lakini hapa mpaka Bigwa ni milima. Akaigonga ile nondo kwa fundo la kidole.

"Hii ya dukani?" akaniuliza.

Nikafunga mzigo kwa mpira wa tyubu, nikaaga, nikaanza kuteremka, kandambili ikiwa tayari mguuni.